Mcheza Kwao Hutunzwa

Reli itokayo Mombasa na Nairobi huingia Uganda hapo Malaba, na baada ya mwendo mfupi huufikia mji wa Tororo, uliokaa chini ya mwamba mkubwa uonekanao toka mbali. Hapo Tororo reli hugawanyika. Njia moja ilitandikwa kuelekea Jinja na Kampala. Ya pili ilitandikwa kuelekea kaskazini, ikapita Mbale, Soroti na Lira, hata ikafika Gulu na Pakwach kando ya mto Nile. Kusini ya Tororo iko Busia, mji wenye jina moja katika nchi mbili, ambako Wasamia na Wateso wana wajomba, mashemeji na makaburi ya wazee wao pande zote mbili. Waingereza waliusogeza mpaka mwaka wa 1902, walipoitoa sehemu ya mashariki ya Uganda na kuitia katika nchi ambayo leo ni Kenya. Lakini undugu haukusogezwa.

Watu wa mpaka huu wamezoea kuona wapitao. Hupita wachuuzi wa samaki na wa mahindi, hupita madereva wa malori, hupita watoto waendao shule. Katika miaka mibaya wamepita wakimbizi. Mwaka wa 1979, utawala wa Idi Amin ulipokuwa ukianguka, alifika Tororo ofisa mmoja wa polisi, akikimbilia Kenya pamoja na jamaa yake. Mkewe alikuwa mja mzito. Uchungu ukamshika kabla ya siku zake, akajifungua katika mji ule wa mpakani, na kesho yake mtoto akafariki dunia.

Ofisa huyo alikuwa John Akii-Bua. Miaka saba kabla ya siku hiyo, dunia nzima ilikuwa imesimama kumshangilia.

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hiyo hutajwa sana katika ngoma na harusi, mchezaji anapotupiwa fedha na kufungwa kanga. Maisha ya Akii-Bua yanauliza jambo ambalo methali haikulieleza: ngoma ikiisha, na mchezaji akarudi nyumbani kwa mkewe na wanawe, nani humtunza?

Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 katika nchi ya Lango, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake wengi, na watoto wa nyumba ile walikuwa 43. Katika jamaa kubwa namna hiyo mtoto hujifunza mapema kwamba chakula hakimsubiri mtu na kwamba ng'ombe hawajichungi. Baba alipofariki, kijana alikuwa bado hajatimiza miaka ishirini. Masomo yakakatika. Akafanya kazi katika baa ya ndugu yake, akipokea fedha za wanywaji, kisha akaondoka kwenda Kampala na kujiunga na polisi.

Ilikuwa desturi katika Afrika ya Mashariki ya zama hizo, na bado ni desturi, kwamba majeshi, polisi na magereza ndiyo yaliyokuwa shule za wanariadha. Kijana maskini mwenye miguu mepesi alipata humo chakula cha uhakika, mahali pa kulala, viatu, na mkubwa wa kumwamsha alfajiri. Akii-Bua alimpata mkubwa wa namna hiyo: Ochana, ofisa wa polisi ambaye mwenyewe alikuwa bingwa wa mbio za kuruka viunzi. Ochana alitaka kijana huyu aruke bila kupanda juu sana, kwa kuwa mwanariadha apandaye hewani hupoteza muda hewani. Basi akaweka ufito juu ya kiunzi, na Akii-Bua akalazimika kupita katikati, kichwa kikiwa chini ya ufito na miguu ikiwa juu ya ubao. Aliyeinua kichwa aligonga ufito. Aliyelegeza miguu aligonga kiunzi. Magoti na vifundo vya miguu vilitoka damu, mpaka mwili ukajifunza.

Mwaka wa 1968 alikuja Uganda mwalimu wa riadha kutoka Uingereza, Malcolm Arnold. Akii-Bua alikuwa akikimbia mita 110 za viunzi. Arnold alimtazama, akaona kwamba kijana ana nguvu na pumzi za masafa marefu zaidi, akamshauri ahamie mita 400. Ushauri huo ndio uliobadili maisha yake.

Mbio za viunzi za mita 400 ni mchezo wa mahadhi kuliko watu wengi wanavyodhani. Viunzi ni kumi, kila kimoja kina kimo cha sentimita 91.4. Toka mwanzo hadi kiunzi cha kwanza ni mita 45. Toka kiunzi hadi kiunzi ni mita 35. Toka cha mwisho hadi utepe ni mita 40. Mkimbiaji huhesabu hatua kama mpiga ngoma ahesabuvyo mapigo. Akiwa na nguvu mpya huenda kwa hatua 13 kati ya viunzi; miguu inapochoka hatua hufupika, naye hulazimika kutumia 14 au 15. Hapo ndipo wengi huharibikiwa. Anayezidisha hatua moja hujikuta amefika kwenye kiunzi na mguu asiouzoea, akakipunguzia mwendo ili ajipange upya. Akii-Bua alijifundisha kuruka kwa mguu wowote, wa kulia au wa kushoto. Kwa hiyo uchovu ulipomjia, aliweza kubadili hesabu bila kuvunja mwendo.

Mwaka wa 1970 alikwenda Edinburgh katika Michezo ya Jumuiya ya Madola akashika nafasi ya nne. Nafasi ya nne ni chungu, maana medali huishia kwa wa tatu. Mwaka uliofuata, katika mashindano ya Afrika na Marekani yaliyofanyika Durham, North Carolina, aliwashinda Wamarekani nyumbani kwao kwa sekunde 49.0. Walimu wa riadha wa Ulaya na Marekani wakaanza kuandika jina lake.

Lakini huko nyumbani mambo yalikuwa yamebadilika. Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alimpindua Rais Milton Obote. Obote alikuwa Mlango, na Akii-Bua alikuwa Mlango. Katika mwaka huo askari wengi wa Kilango na wa Kiacholi waliuawa ndani ya kambi zao. Akii-Bua aliendelea na mazoezi akiwa amevaa sare ya serikali iliyowashuku watu wa kabila lake. Alivaa pia koti zito lililotiwa risasi, si risasi za bunduki bali madini yenyewe, akapanda nalo vilima na kuruka nalo viunzi, ili siku atakapolivua mwili uwe mwepesi.

Siku hiyo ilikuwa tarehe 2 Septemba 1972, mjini Munich. Katika fainali alipewa njia ya kwanza, iliyo ndani kabisa. Wakimbiaji wa viunzi hawaipendi njia hiyo, maana kona yake ni kali, nayo humvuta mtu pembeni anapotua. Tena walikuwapo David Hemery wa Uingereza, bingwa wa Olimpiki ya Mexico na mwenye rekodi ya dunia ya sekunde 48.12, na Ralph Mann wa Marekani. Hemery aliondoka kwa kasi kubwa, akaongoza nusu ya kwanza. Akii-Bua alishika mahadhi yake. Kona ya pili ilipokwisha, Hemery hakuwa mbele tena, na yule askari polisi wa Uganda aliruka viunzi vya mwisho kama mtu aliyeanza sasa hivi. Saa ilionyesha 47.82. Hakuna binadamu aliyewahi kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48. Mann alikuwa wa pili kwa 48.51, Hemery wa tatu kwa 48.52.

Akii-Bua hakusimama. Alipitiliza utepe, akaendelea kukimbia huku akipunga mikono na kuruka viunzi visivyokuwapo. Watu walicheka na kulia pamoja naye. Hiyo ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Uganda katika Olimpiki.

Aliporejea, alitunzwa. Alipandishwa cheo katika polisi, na barabara moja ya Kampala ikapewa jina lake. Mwezi Januari 1973 akashinda tena katika Michezo ya Afrika huko Lagos. Kwa nje ilikuwa neema. Ndani ya nyumba mambo yalikuwa mengine. Sifa aliyopewa na mtawala ilimfunga kwa mtawala. Na kabila lake lilimfanya asiaminiwe na mtawala huyo huyo. Mtu wa namna hiyo hana pa kuegemea. Anapopandishwa cheo, jirani humwona kuwa mtu wa wakubwa. Anapokaa kimya, wakubwa humwona kuwa ana jambo moyoni. Mwaka wa 1977, alipouawa Askofu Mkuu Janani Luwum, Walango na Waacholi waliandamwa kwa mara nyingine, na mke wa mwanariadha alilala usiku kama walivyolala wake wengine wa Lango, sikio likiwa mlangoni.

Katikati ya hayo, michezo yenyewe ilimponyoka. Mwaka wa 1976 nchi nyingi za Afrika zilisusia Olimpiki ya Montreal, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Sababu ilikuwa ya haki. Hata hivyo haki nayo ina gharama, na safari hii gharama ililipwa na vijana ambao miaka yao ya nguvu haikuwa mingi. Akii-Bua hakukimbia Montreal. Kijana wa Marekani, Edwin Moses, alishinda mbio hizo na kuivunja rekodi ya Munich. Hivyo rekodi ya Akii-Bua iliondolewa katika uwanja ambao yeye mwenyewe hakuukanyaga.

Mwishoni mwa mwaka wa 1978 majeshi ya Amin yaliivamia Kagera, na Tanzania ikajibu. Mwezi Machi 1979 mji wa Tororo wenyewe ulivamiwa na wapiganaji wa Kiganda waliotokea upande wa Kenya. Wakaushika kwa kitambo, kisha majeshi ya Amin yakautwaa tena. Tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Katika siku za namna hiyo hakuna anayeuliza mtu alifanya nini uwanjani. Huulizwa alivaa sare ya nani. Akii-Bua alihofu kwamba atahesabiwa miongoni mwa waliopendelewa na Amin, kwa sababu ya cheo alichopewa baada ya Munich. Tunu ya jana ikawa shitaka la leo. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo. Na mtu mwenye dhahabu shingoni alijikuta miongoni mwa nyasi.

Ndivyo alivyofika Tororo. Reli iendayo kwao Lira huanzia katika mji huo, lakini yeye hakuja kuifuata. Alikuja kutoka nje ya nchi. Yule mtu aliyejua kuhesabu hatua zake zote kati ya kiunzi na kiunzi hakuwa na hesabu ya jambo lililompata mkewe. Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, wakati wa vita, mbali na mama mkwe, mbali na wakunga wa kwao, safarini. Aliishi siku moja.

Watu waliowahi kufiwa na mtoto mchanga wanajua kwamba msiba wa namna hiyo hauna matanga marefu. Majirani huuliza mara moja, kisha hunyamaza, kana kwamba aliyeishi siku moja hakuishi. Mama hanyamazi moyoni. Na kwa wale wazazi hakukuwa na nafasi hata ya matanga hayo mafupi, maana mpaka ulikuwa mbele na vita nyuma. Waliendelea na safari.

Kenya iliwapokea kama ilivyowapokea wengine, na bingwa wa Olimpiki akatiwa katika kambi ya wakimbizi. Akapanga foleni na waliopanga foleni. Hatimaye habari zake zilifika Ujerumani. Kampuni ya viatu ya Puma, ambayo viatu vyake alivivaa, ilimtoa kambini, ikampeleka na jamaa yake Herzogenaurach na kumpa kazi. Huko alikaa miaka kadhaa. Mwaka wa 1980 aliiwakilisha tena Uganda katika Olimpiki ya Moscow, lakini miguu ilikuwa imeshapoteza miaka yake mizuri, hakufika fainali. Mbio hizo zilishindwa na Volker Beck wa Ujerumani Mashariki kwa sekunde 48.70, muda ulio mrefu kuliko ule ambao Akii-Bua alikimbia Munich miaka minane nyuma.

Hapa ndipo methali ya wahenga inapopata mtihani. Mcheza kwao hutunzwa. Lakini siku ya dhiki, aliyemtunza Akii-Bua alikuwa mwenye duka la viatu katika nchi ya mbali. Kampuni ile haikuwa na wajibu wa undugu kwake. Ilimkumbuka kwa sababu alivaa bidhaa yake. Kwao walikuwa na sababu kubwa kuliko hiyo, lakini kwao kulikuwa kunawaka moto.

Hata hivyo hakukaa ugenini. Mapema katika miaka ya 1980 alirudi Uganda, akaingia tena katika polisi na kuwafundisha vijana riadha. Hilo ni jambo la kutafakari. Mtu aliyepewa kazi Ulaya, aliyefukuzwa na hofu katika nchi yake, aliyepoteza mwana akiikimbia, alirudi kuvaa sare ile ile na kuamka alfajiri kuwapangia wengine viunzi, kama Ochana alivyompangia yeye. Alifariki tarehe 20 Juni 1997, akiwa na umri wa miaka 47. Mkewe alikuwa amemtangulia. Aliacha watoto kumi na mmoja. Alizikwa kwa heshima za taifa, na uwanja wa michezo wa Lira una jina lake.

Miaka arobaini ilipita tangu Munich kabla Uganda haijapata dhahabu nyingine ya Olimpiki. Tarehe 12 Agosti 2012, katika mbio ndefu za London, Stephen Kiprotich alimaliza wa kwanza. Naye alikuwa mtu wa sare, askari wa Magereza. Baada yake akaja Joshua Cheptegei, ofisa wa polisi kama Akii-Bua, aliyeshinda mita 5,000 Tokyo mwaka wa 2021 na mita 10,000 Paris mwaka wa 2024. Desturi ya majeshi kulea wanariadha haijafa, na ni desturi njema. Cheo kinachotolewa baada ya ushindi ni halali yake mwenye kushinda.

Lakini nyumba za askari zinajua kwamba cheo si ngao. Cheo hukaa begani, nalo bega huchoka, huzeeka, tena huweza kushitakiwa. Jamaa ya mwanamichezo huhitaji mambo madogo yasiyoimbwa: nyumba isiyotegemea hisani ya mkubwa mmoja, ujuzi wa kazi nyingine baada ya miaka ya mbio, akiba iliyoandikwa kwa jina la mke pia, masomo ya watoto yasiyosimama baba anaposimama kukimbia. Zaidi ya hayo yote huhitaji nchi yenye amani, maana pasipo amani hata mwenye dhahabu hulala kambini. Kutunza kwa kweli ni huko. Fedha anayotupiwa mchezaji uwanjani ni furaha ya watazamaji; humsaidia jioni ile.

Leo malori hupanga foleni Malaba na Busia, na mama wa Kisamia huvuka asubuhi kuuza mboga upande wa pili na kurudi jioni. Mwamba wa Tororo uko pale pale. Barabara ya Kampala ina jina la Akii-Bua, na uwanja wa Lira una jina lake. Mtoto aliyezaliwa na kufa katika mji wa mpakani hakupata barabara wala uwanja. Alikuwa naye amelipa sehemu ya gharama ya dhahabu ile, na wanaoisimulia habari ya Munich hawana budi kuisimulia na ya Tororo.